Kuandika Kuhusu Pesa: Anza na Muamala Mmoja

Ukimwambia mtu aandike kuhusu pesa zake, atachora safu mbili, mapato na matumizi, na baada ya wiki mbili ataacha. Hesabu ina kazi yake. Itakuonyesha kwamba 40,000 zilikwenda kwenye mchango wa harusi. Kilichokufunga mdomo usiseme huna, hesabu haikijui, na hicho ndicho cha kuandikia.

Tenga daftari dogo la mazoezi lisilo na kazi nyingine. Usiandikie kwenye simu, maana ujumbe wa mtu anayekudai utaingia katikati ya sentensi. Ila simu utaihitaji mwanzoni: fungua ujumbe wa miamala ya wiki iliyopita, upitie taratibu, usimame kwenye ule unaotamani kuuruka. Andika huo, mmoja tu kwa kikao.

Juu ya ukurasa nakili kiasi, saa, na herufi moja ya jina: "Shilingi 15,000, saa 2:47 usiku, kwa M." Weka kengele ya dakika 15, kisha andika mfululizo bila kurudi nyuma kusahihisha. Ulikuwa wapi, na nani alikuwa karibu? Kabla hujabonyeza namba ya siri, tumbo na kifua vilikuwaje? Ulitaka M. akuone mtu wa namna gani?

Halafu jiulize: uliweka na ya kutolea? Swali hili laonekana dogo, lakini wengi hufungukia hapo. Kuna mtu unamtumia 10,000 na ya kutolea juu yake bila kuombwa, na kuna mwingine unamtumia 10,000 kavu, makato akutane nayo mwenyewe kwa wakala. Mfuko wako ni uleule kwa wote wawili. Waandike wote, mmoja ukurasa wa kushoto na mwingine wa kulia, na utaanza kuona yupi unamwogopa, yupi unamlipa fadhila za zamani, yupi umeshamchoka ila huthubutu kumwambia.

Kazi hii huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni swali la "kwa nini", ambalo huzaa utetezi: "Kwa sababu ni ndugu yangu." Uliza nini, lini, nani, kisha nini kikafuata. Nyingine ni mahubiri. Ukiona sentensi inaanza na "inabidi nijifunze" au "natakiwa kuweka akiba", ikate kwa mstari mmoja urudi kwenye tukio, kwa sababu hapo umeanza kujisomea risala na tukio limekuponyoka. Na kama unahisi mwenzi wako atalisoma daftari, utamwandikia yeye bila kujua. Nyumba ikiwa haina pa kufichia, chana ukurasa ukimaliza, ubakize sentensi moja iliyokuuma zaidi.

Tegemea moyo kushuka kwanza. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza. Mara tu baada ya kuandika walioeleza tukio pamoja na hisia zake walijisikia vibaya zaidi, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo saa ileile usikope kwenye simu, usitume hela, wala usimpigie mdeni wako. Lala kwanza. Na kama kinachojitokeza ni kizito mno, tuseme mirathi uliyodhulumiwa au mtu aliyekutesa kwa kukunyima matumizi, na usingizi unapotea, funga daftari umtafute mshauri nasaha.

Siku nne za namna hiyo zinatosha kwa kuanzia. Siku ya tano chukua penseli, usome ulichonacho, upigie mstari maneno yanayojirudia. Neno "pesa" huwa si la mbele. Utakuta "watanionaje", utakuta "nilishindwa", na utakuta "basi tu". Hilo la mwisho lishike: "nikamtumia, basi tu" ni mahali ulipojikatisha mwenyewe. Fungua ukurasa mpya, andika "basi tu" juu yake, uweke tena kengele ya dakika 15.