Re: Programu ya simu ya kupima goti, inaaminika?

Mkuu, umeuliza kama ile programu inayochora mistari juu ya goti la mama kwenye kioo cha simu inatosha badala ya kipimo cha mtu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi). Kwa mazoezi ya nyumbani, sawa: anaona digrii zinapanda kadiri anavyokunja, anapata moyo. Ila kamera haioni mfupa. Inakisia nyonga, goti na kifundo cha mguu viko wapi, ndipo inapiga hesabu ya pembe. Akivaa dera, imekula kwenu! Simu ikae ubavuni kwake, usawa wa goti. Ikikaa mshazari, digrii 90 zitasomeka vingine. Goti lenye afya hukunjika hadi digrii 135 hivi. Likivimba na kuwa la moto, achana na simu, mrudishe hospitali.