Karatasi Usiyoisoma Usiisaini, Mdogo Wangu

Jumanne usiku simu yangu iliita saa nane. Ni mdogo wetu mmoja wa hapa Louisville, Marekani, yuko Ulaya mwezi wa tatu sasa anacheza mpira wa kikapu, pro (mchezaji wa kulipwa) wa kigeni kwa mara ya kwanza. "Kaka, nimeumia kifundo. Klabu wamenipa karatasi nisaini, wanasema ni ya bima." Nikainuka nikakaa kitako. Huyu ni wa tatu kunipigia na maneno yaleyale ndani ya misimu miwili. Nilimfokea kabla hata ya kumpa pole, na hapa namwomba radhi. Lakini ninyi wengine, mlioko huko na mnaosubiri dili la katikati ya msimu, someni hadi mwisho.

1. Mkataba usiuangalie kwa tarakimu ya mshahara peke yake. Uliza kama fedha hizo ni baada ya kukatwa kodi, pango la nyumba analipa nani, tiketi za ndege ni ngapi, na kama imeandikwa kwamba mgogoro utapelekwa BAT, baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu. Klabu isiyotii uamuzi wa BAT inaweza kuzuiwa na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kusajili wachezaji wapya, na hicho ndicho viongozi wa klabu ndogo wanachokiogopa. Bila kipengele hicho utadai haki yako katika mahakama za huko, kwa lugha ya huko.

2. Ukiumia, mpigie wakala kabla hujampigia hata mama.

Mimi sikufanya hivyo. Ulikuwa msimu wangu wa kwanza, Bulgaria, klabu sitaitaja. Nilikuwa nafunga pointi 17 kwa mchezo, watoto wa mtaani wameshalijua jina langu. Mshahara wa Oktoba na wa Novemba ulikuwa haujaingia. Niliambiwa wadhamini wamechelewa, nikaamini. Mwanzoni mwa Desemba, mazoezini, niliruka kugombea ribaundi nikatua juu ya mguu wa mwenzangu. Kifundo kilivimba kama embe dodo. Daktari akasema wiki nne.

Kesho yake meneja akaniita ofisini. Kahawa, biskuti, pole nyingi. Halafu karatasi mbili, zote kwa herufi zao, akasema ni za bima ili kliniki ilipwe. Nikauliza kama ipo ya Kiingereza. Akaniambia kliniki inafunga saa kumi. Nikasaini.

Nataka mwelewe kwa nini, maana najua na ninyi mtajisikia hivyo hivyo. Nilijua mapro wanavyobadilishwa: leo umeumia, keshokutwa Mmarekani mwingine anashuka uwanja wa ndege. Niliogopa kuonekana msumbufu. Nikadhani nikisaini upesi wataniona mtu mwema, wataningoja nipone. Wakala sikumwambia kitu, nikisema moyoni nitampigia nikiwa na habari njema.

Siku tatu baadaye mwenye nyumba aligonga mlango kuuliza nitaondoka lini. Ndipo nikazipiga picha zile karatasi nikamtumia wakala. Alipopata mtu wa kuzitafsiri alinipigia, na kwanza akakaa kimya. Yalikuwa makubaliano ya kuvunja mkataba kwa hiari ya pande zote mbili, na mstari wa mwisho ulisema sidai chochote. Kipengele cha BAT tulikuwa nacho. Lakini saini ilikuwa yangu, na ofisini tulikuwa wawili tu. Nani angethibitisha niliambiwa nini? Mishahara ya miezi miwili, dola 5,000, ikapotea. Nilirudi Kentucky kwa magongo kabla ya Krismasi, tiketi nimejilipia.

Mama yangu alitulea watoto watano katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, kabla hatujaletwa Louisville. Kusoma hakujui sana. Lakini pale kambini kila fomu iliyotaka dole gumba lake aliitafutia mtu wa kuisoma, kisha akamtafuta wa pili, asikie kama wawili hao wanasema jambo moja. Mimi mwenye shahada nilisaini karatasi nisiyoweza kusoma hata neno lake la kwanza. Nilipomweleza hakunisema. Alikwenda jikoni kuchemsha maji ya chumvi ya kuukanda mguu. Hadi leo hilo linaniuma kuliko zile dola.

3. LOC, barua ya kukuruhusu kuchezea nchi nyingine. Hakikisha USA Basketball, shirikisho la kikapu la Marekani, wameshaitoa, la sivyo utafanya mazoezi wiki nzima na Jumamosi ukae jukwaani na suti.

4. Sheria. Dakika 40 na faulo tano mmezizoea tangu chuo, ila sasa ni robo nne za dakika kumi na saa ya mashambulizi ni sekunde 24, si 30. Mpira ukishagusa ringi unaruhusiwa kuufagia, yaani kuupiga utoke. Na unapoanza kudunda, uachie mpira kabla hujainua mguu wa egemeo. Tafadhali. Kila Septemba nawaona mnapulizwa filimbi kwa kosa hilo hilo kisha mnamkunjulia refa mikono.

5. Pointi. Nawasikia mkihesabu. Mmarekani Kyle Hines hakuchaguliwa kwenye drafti, pale timu za NBA, ligi kuu ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya, wala hakuwahi kucheza NBA. Alianzia daraja la pili Italia, Veroli, akapita Bamberg, akabeba EuroLeague, kombe kubwa la klabu za Ulaya, mara nne: 2012 na 2013 akiwa Olympiacos, 2016 na 2019 akiwa CSKA Moscow. Senta wa futi 6 na inchi 6! Kazi yake ilikuwa skrini (kumzibia njia anayemkaba mwenzako) na ulinzi, kumkaba mlinzi na kumkaba senta. Msimu wangu wa pili, Slovakia, kocha alinitoa nikiwa na pointi 24 kwa sababu sikurudi kulinda mara mbili mfululizo. Nilinuna siku mbili. Kocha alikuwa sahihi, na nilipoanza kurudi kulinda ndipo mkataba ukaongezwa.

6. Beba unga. Semolina, ule unga wa ngano wa chengachenga, inasaidia siku za shida, lakini si ugali, na Desemba kule giza linaingia saa kumi na moja jioni. Utautaka.

Yule wa Jumanne hajasaini. Karatasi ziko kwa wakala wake, zimetafsiriwa, na hazikuwa za bima. Leo asubuhi amenitumia picha: mguu kwenye ndoo ya barafu, yuko bado kwenye nyumba ya klabu.