Wanika wa vitabu vya kale wako wapi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nasoma historia chuoni. Maktaba nimekuta kamusi ya Krapf na Rebmann, iliyochapishwa London mwaka 1887, ya lugha ya "Kinika", na inasemekana wenye lugha hiyo waliishi karibu na Mombasa. Nimewatafuta Wanika katika orodha ya makabila ya Kenya, siwaoni. Walihama, au walikwisha?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hawakuhama wala hawakwisha. Ni sisi Mijikenda: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma.

Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye alikuwa Rabai pamoja na mmisionari mwenzake, Rebmann. Jina la "Wanika" alilipata kwa watu wa mjini. Kwao, nchi kavu ya vichaka iliyo nyuma ya pwani ni nyika, na atokaye huko ni Mnyika. Wamisionari waliandika walivyosikia, serikali ya kikoloni nayo ikafuata, jina likaingia kwenye ramani na ripoti.

Wenye kuitwa hawakuulizwa, na hilo linaniuma hadi leo. Wazee wetu walijitaja kwa kabila, ukoo na kaya, yaani ule mji wenye boma katikati ya msitu: Mgiriama wa Kaya Fungo, Mdigo wa Kaya Kinondo. Mjini, "Mnyika" lilibeba dharau; lilimaanisha mshamba, mtu asiye na ustaarabu. Hawe wangu (ndivyo Wagiriama tunavyomwita bibi) alikuwa akiuza mihogo Mombasa. Mteja akimwita Mnyika, hamuuzii, hata kama jua linazama na kapu bado limejaa.

Jina la Mijikenda lilipata nguvu miaka ya 1940, watu wetu waliokuwa wakifanya kazi Mombasa walipounda chama chao, Mijikenda Union. Kwetu ni midzichenda, yaani miji tisa, na kenda ndilo neno la Kibantu lenye maana ya tisa. Wapo wanaolisimulia kana kwamba ni jina la tangu enzi za kaya. Undugu wa lugha na mila ni wa kale, ndiyo, lakini kujumlishwa sote chini ya jina hilo moja ni jambo la karne ya 20. Mimi silioni pungufu kwa sababu hiyo. Tulijipa wenyewe. Mwaka 2008 UNESCO ilipoziingiza kaya zetu katika Urithi wa Dunia, iliziandika kwa jina la Mijikenda.

Jihadhari na jambo moja ukiwa huko Tanzania: Wanyiha wa Mbozi nao huandikwa "Wanyika" katika vitabu vingine. Hao ni watu wengine kabisa.

Katika karatasi yako, "Wanika" ibaki ndani ya alama za kunukuu pale unaponakili maneno ya Krapf. Kwingine kote andika Mijikenda, na ukijua ni Mrabai au Mduruma, mtaje hivyo. Kamusi yenyewe, kwa mfano, imeegemea zaidi Kirabai.