Kwa anayeanza kubuni molekuli zenye matawi

Wengi wakiingia kwenye kazi hii ya kutengeneza molekuli za kushika seli fulani tu hutafuta kwanza kikundi kinachoshika kipokezi (protini iliyo juu ya seli) kwa nguvu kuliko vyote, na nguvu hiyo ndiyo inayowaponza. Mkono mmoja unaong'ang'ania kipokezi utakishika hata kwenye seli yenye vipokezi vichache, kwa hiyo seli unayoilenga na jirani yake zote zinashikwa. Tumia mikono kadhaa dhaifu, yaani vikundi vilivyo kwenye ncha za matawi. Mmoja ukishika peke yake huachia upesi. Ikishika kwa pamoja, molekuli haibanduki, na hilo hutokea tu pale vipokezi vilipo vingi na vimekaribiana.

Anza kwa kusoma kipokezi cha asialoglikoprotini kwenye seli za ini. Sukari moja ya galaktosi hukishika kwa kiwango cha milimola, lakini tatu zikikaa kwenye matawi yenye urefu unaofaa, hushika kwa kiwango cha nanomola (kiwango kikiwa kidogo, mshiko ni wa nguvu zaidi). Givosiran, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hufika kwenye ini kwa njia hiyo, ikibeba N-asetiligalaktosamini tatu, sukari ya jamii ya galaktosi. Urefu wa tawi si jambo la kubahatisha: fupi halifiki, refu na legevu hupoteza sehemu ya faida ya kuungana.

Dendrima kubwa, yaani molekuli zinazotoa matawi tabaka kwa tabaka kutoka kwenye kiini, zinavutia, ila mimi nisingempa mgeni. Dendrima ya PAMAM (poliamidoamini) ya kizazi (tabaka) cha 4 yenye kiini cha ethilenidiamini ina amini, vikundi vyenye nitrojeni, 64 pembeni. Ukipachika sukari tano, hiyo ni wastani tu. Chupani zimo zenye mbili na zenye tisa. Tena amini zilizobaki zina chaji chanya, utando wa seli una chaji hasi, basi molekuli inanata popote. Zifunike amini hizo kwa asetili, kikundi kidogo kinachoondoa chaji hiyo, kabla ya kushangilia picha ya hadubini inayong'aa.

Kuhusu bafa (myeyusho unaotunza pH): esta ya NHS, kemikali ya kuunganisha vitu na amini, usiitumie kwenye bafa ya Tris, kwani Tris yenyewe ni amini na itaimaliza. Iyeyushe esta kwenye kiyeyushi cha DMSO kikavu dakika ya mwisho, maji huiua. Kama unaunganisha molekuli na kingamwili kwa azidi (kikundi cha nitrojeni tatu), kagua kingamwili yako isiwe imehifadhiwa kwa azidi ya sodiamu, maana itashindana na yako.

Jaribio linganishi lisikose. Tengeneza molekuli ileile isiyo na sukari. Kisha ongeza galaktosi huru ishindanie kipokezi, makumi ya milimola, maana moja moja ni dhaifu. Au ondoa kalsiamu kwa EDTA, kemikali inayoikamata, kwa sababu kipokezi hiki hakishiki bila kalsiamu. Ishara (ule mng'ao) isiposhuka, rudi kwenye zile amini.