Bei ya mgeni: maswali ya wanandoa wanaoishi ugenini

Swali: Shikamoo Shangazi. Tumehamia nchi ya watu kwa ajili ya kazi. Sokoni tunatajiwa bei mara mbili ya mwenyeji aliyesimama kando yetu. Huu si wizi?

Marahaba, mwanangu. Wizi ni kuchezea mizani au kukuuzia kibovu kwa jina la kizima. Kwenye soko la kupatana, bei ya kwanza inakukaribisha mzungumze, na jibu ni lako. Muuzaji anasikia lafudhi yako, anatazama viatu vyako, anakisia. Mtalii hatarudi, kwa hiyo muuzaji hana sababu ya kumbembeleza. Ninyi ni wakazi, na hilo ndilo la kumjulisha. Zungukeni kwanza soko zima mkiuliza bei bila kutoa pesa. Kisha chagueni wauzaji wawili watatu, mwarudie wiki hadi wiki, wawajue kwa sura na mtaa mnaokaa. Naamini kabisa kwamba mkazi anayerudi hupata nafuu kuliko mtalii hodari wa kubishana.

Swali: Mume wangu anaweza kusimama nusu saa akipatana bei ya zulia. Mimi naona haya, naishia kusema "lipa tuondoke", naye ananuna hadi nyumbani. Tufanyeje?

Hapa ndipo wanandoa wengi wanapopigwa, na muuzaji hana kosa. Yeye anawatazama nyote wawili. Mmoja akilalamika kuwa ni ghali huku mwenzake ameshalikumbatia zulia, kupatana kumekwisha. Kubalianeni kabla ya kutoka nyumbani bei ya juu kabisa mtakayolipa. Mkifika sokoni, aseme mmoja, na mwingine asimsahihishe mbele ya watu. Wekeni ishara ya kuondoka. Ikitolewa, ondokeni bila maswali. Mwenye haya asilazimishwe kusema. Apewe kukagua ushonaji, kutafuta madoa na kuhesabu chenji, maana hizo nazo huokoa pesa.

Nani aseme? Msichukulie kuwa lazima awe mume. Mwaka 1995 watafiti Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha matokeo ya jaribio la kupatana bei ya magari mapya katika eneo la Chicago. Wanunuzi wote walitumia maneno yaleyale, lakini wauzaji waliwatajia wanaume weupe bei za chini kuliko wanawake na watu weusi. Inauma kusoma, na ni vyema mlijue kabla hamjaanza kulaumiana kwamba fulani hajui kupatana. Kwa kitu kikubwa, kila mmoja aende peke yake kwa siku yake, aulize tu. Atakayetajiwa nafuu ndiye awe msemaji wa ununuzi huo, na heshima ya nyumba isiingizwe humo.

Mume naye nina neno lake. Kama kilichobaki kati yako na muuzaji ni pesa usiyoikumbuka kesho, mwachie. Yeye anaihitaji kuliko wewe, na mkeo amechoka kusimama.

Swali: Lugha ya huku bado hatuijui. Tuanzie wapi?

Kwenye namba, kusema na kusoma. Misri, kwa mfano, bei nyingi za sokoni huandikwa kwa tarakimu ambazo tano yake ni kama sifuri yetu, sita ni kama saba yetu, na sifuri ni nukta. Asiyezijua hulipa kwa kukisia. China, namba 6 hadi 10 huonyeshwa kwa vidole vya mkono mmoja, na ni kawaida muuzaji kukupa kikokotoo uandike bei yako. Iran, noti kwa miaka mingi zimeandikwa riali, lakini sokoni watu hutaja tomani, na tomani moja ni riali 10. Hakikisheni ni ipi kabla ya kukubali chochote.

Swali: Nilitaja bei yangu, muuzaji akakubali, kisha nikaghairi. Akafoka. Alikosea?

Aliyekosea ni wewe, ingawa kufoka hakukuwa na haja. Ukitaja bei na mwenzako akaikubali, mmeshauziana. Kama huna nia ya kununua, uliza yake na usitaje yako.

Swali: Tulikohamia sasa kila kitu kina lebo ya bei. Nikiomba kupunguziwa nitachekwa?

Kwenye maduka makubwa, huenda ukatazamwa kwa mshangao. Lakini bei isiyopungua nayo ina mwanzo wake. Mitsui Takatoshi alifungua duka la Echigoya mjini Edo, Japani, mwaka 1673, likajulikana kwa kuuza kwa taslimu na kwa bei moja kwa kila mtu. Paris, Aristide Boucicaut alipoingia ubia katika duka la Le Bon Marché mwaka 1852 aliweka utaratibu kama huo. Hata penye lebo, milango haijafungwa yote: vitu vya mitumba, fanicha iliyokwaruzika, bidhaa za jumla, wakati mwingine hata kodi ya nyumba. Uliza mara moja tu, kwa upole, kama kuna punguzo. Akisema hakuna, lipa au kirudishe mahali pake.