Mdogo wangu, onazi si nishani

Mdogo wangu, ile voisi yako ya dakika sita nimeisikiza mara mbili, ya kwanza naosha sahani za watu kafeteria na hedifoni sikio moja, ya pili niko kitandani usiku. Wauliza matatu: hii onazi, kwa Kiingereza "honors", ni kitu gani, gazeti la chuo wanilipa ngapi, na wewe KCSE ya kidato cha nne ikitoka ujaribu kuja huku Amerika ama usijisumbue. Na ukasema nikwambie ukweli, si ule wa picha. Haya.

Kwanza mwambie ami aache kuwatangazia watu Mkunguni eti nimepewa heshima na chuo. Mama aliponieleza nilicheka mpaka machozi, manake wazee wote pale wamekaa chini ya ngome wakijua nimevishwa nishani na rais. Jina ndo linachanganya, hata hao wenyewe wanaliita hivyo, lakini onazi ni programu tu, wanachukua wanafunzi wenye maksi za juu wanawawekea madarasa yao madogo, mabweni yao, na mwisho wa miaka minne lazima uandike tasnifu. Ukishuka chini ya GPA, yaani wastani wa maksi, wa 3.5 kwangu unapewa muhula mmoja ujirekebishe, la sivyo unatoka kimyakimya. Faida ninayoiona mimi ni kwamba tunachagua kozi kabla ya wengine. Pesa hamna humo. Anayenilipia karo ni ufadhili mwingine kabisa, na huo nao haulipi chakula chote, ndo maana ya zile sahani.

Sasa darasa lenyewe. Watu 15 wamezunguka meza moja, huna pa kujificha. Profesa anakupa kitabu kizima usome kwa wiki halafu siku ya darasa anakaa anawatazama, anangoja mseme nyinyi, na kusema kwenyewe kuna maksi, asilimia 20. Mimi niliyelelewa kwamba mkubwa akinena wewe watazama chini, madrasani ukimkata ustadhi kauli wajua wewe yatakayokupata, nilikaa wiki tano nimenyamaza kama chungu nikiandika kila neno kwenye daftari. Wiki ya sita nikapata imeili kutoka kwa profesa, insha zako nzuri sana lakini darasani haupo. Haupo! Na mimi nakaa kiti cha kando yake kila Jumanne na Alhamisi, sijakosa hata siku moja, hata ile siku theluji ilifunga barabara. Nilikasirika wallahi, nikamwambia mama kwenye simu, akaniuliza kwa Kiamu chake, "Kwani ndaa yakuuma, mbona huneni?" Nikashindwa kumweleza.

Gazetini nilienda kwa ajili ya piza, nisikudanganye. Kulikuwa na karatasi imebandikwa mlangoni, njooni mkutano wa waandishi, kutakuwa na piza, na mimi mwisho wa mwezi sina kitu. Kufika, piza yenyewe yote ina nguruwe, nikabaki na soda na kiti, na nikaona haya kuondoka kwa hivyo nikasikiliza. Mhariri ni msichana wa miaka 21, jinzi imeraruka magoti, miguu juu ya meza, anagawa kazi kama nahodha. Akanitazama, wewe mgeni, chukua hii ya mashine za kufulia mabwenini, mbona nusu zimekufa. Nikaandika. Ikarudi nyekundu tupu, na pembeni ya karibu kila sentensi kaandika maneno mawili tu: nani kasema? Wanafunzi wamechoka, nani kasema? Chuo kinajua, nani kasema? Mimi nilikuwa naandika kama insha ya shule, vile tulivyofundishwa, utangulizi mtamu na methali juu yake, kumbe hao wanataka lile kubwa liwe mstari wa kwanza halafu kila neno liwe na mwenyewe.

Malipo? Dola 15 kwa stori, na stori moja inaweza kunila saa nane. Piga hesabu mwenyewe, dola moja ni kama shilingi 130. Na usije ukasema basi fanya kazi gazeti la mjini, haiwezekani, viza ya mwanafunzi, ile F-1, inakuruhusu saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea na ni ndani ya kampasi tu, nje ya hapo mpaka upate idhini, na ukivunja umejifunga. Kwa hivyo yule aliyemwambia khalati kwamba natuma pesa za uandishi habari, hizo ni pesa za sahani.

Lakini nataka nikusimulie stori moja, manake hiyo ndo jibu langu kuliko haya yote.

Mwaka wa pili nilipewa stori ya bei ya chakula, chuo kinapandisha ile ada ya kula kafeteria. Nikaenda kumhoji msimamizi. Mzee wa makamo, umri wa baba hivi, tai, amekaa nyuma ya meza kubwa anatazama saa yake. Nilikuwa na maswali tisa kwenye karatasi. Nikaanza na salamu ndefu, nikamuuliza za nyumbani, akashangaa kidogo lakini akajibu. Akanitajia nyongeza, dola 310. Nikaandika. Moyoni likanijia swali, kwa muhula ama kwa mwaka? Na nakwambia lilikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini mzee ametazama saa mara ya tatu, ameshaanza kupanga karatasi zake, mimi nikaona kumuuliza tena ni kama kumwambia hujasema vizuri, nikafunga daftari nikasema ahsante sana, nikatoka kinyumenyume kama natoka kwa kadhi.

Nikaandika dola 310 kwa muhula. Ilikuwa kwa mwaka.

Stori ikatoka Jumatatu, watu wakaipokea kwa moto, wakaisambaza, mpaka saa nne asubuhi ofisi yao imeshamwandikia mhariri. Simu ikaita. Mimi nikajua nimekwisha, nafukuzwa gazetini, nafukuzwa onazi, narudi Lamu kwa boti ya Mokowe na begi langu. Tumbo likakataa chai. Nikafika ofisini natetemeka, yule msichana hakupiga kelele hata, akageuza laptopu akasema andika sahihisho, mistari miwili, tulisema nini na ukweli ni upi, usijitetee. Nikaandika. Likawekwa juu kabisa ya stori yangu, palepale penye jina langu, na mpaka leo liko. Baadaye akaniuliza, kwani hukumuuliza? Nikasema niliona haya. Akanitazama kama nimesema niliona jini.

Nikarudi kwa yule mzee kuomba radhi, nimejiandaa kabisa. Akanambia afadhali ungeniuliza. Basi! Hakukasirika kwamba nimekosea, kilichomshangaza ni kwamba swali nilikuwa nalo nikalimeza. Fikiria kwetu, ukimsema mtu vibaya asubuhi Langoni, adhuhuri imeshafika Shela kabla yako, na sahihisho halifiki popote. Siku hiyo ndo nilielewa imeili ya profesa. Wiki iliyofuata nikafungua mdomo darasani, nikasema kitu cha kijinga kwa kweli, hakuna aliyekufa.

Usidhani lakini huku kila mtu aandika atakalo. Chuo cha umma ni mkono wa serikali, na katiba yao tangu 1791 inaizuia serikali kuzima maandishi, kwa hivyo tunaweza kumwandika mkuu wa chuo vibaya na kesho yake ukapishana naye ngazini akakusalimia. Vyuo binafsi ni habari nyingine. Kwenye darasa la sheria tulisoma kesi ya mtoto wa miaka 13 wa Des Moines, jimbo la Iowa, aliyevaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, shule ikamsimamisha, mwaka 1969 Mahakama ya Juu ikasema mwanafunzi haachi haki yake getini. Nikafurahi. Halafu tukafika 1988, mahakama ileile ikamruhusu mwalimu mkuu wa shule ya sekondari kukata kurasa za gazeti la wanafunzi. Sheria za watu hizi.

Na kuna letu sisi wageni. Machi 2025, mwanafunzi wa Kituruki wa chuo cha Tufts alikamatwa barabarani jioni anaenda kufuturu, na watu waliofunika nyuso, mwaka mmoja baada ya kuandika na wenzake makala kwenye gazeti la chuo kuhusu Gaza. Alikaa kizuizini wiki sita mpaka jaji akaamuru aachiwe. Nilipoiona ile video nilikuwa na tende mkononi. Tangu hapo kuna makala mbili nimewapa wenzangu wenye pasi za hapa waandike wao. Hilo sijamwambia mama na wewe usimwambie.

Sasa wewe. Jaribu, kwa nini usijaribu, lakini jua kwamba kuna insha, kuna mtihani wa Kiingereza, kuna dola 350 za SEVIS, ile ada ya serikali yao ya kusajili wanafunzi wageni, kabla hujakanyaga ubalozi wao Gigiri, Nairobi, na viza yenyewe hiyo wanaweza wakakunyima vilevile. Na kama wataka kusoma uandishi habari kama mimi, ukimaliza wapewa mwaka mmoja wa kufanya kazi hapa, wenzako wa injinia waweza kuongezwa miezi 24 juu yake. Mimi sikuambiwa hilo na mtu, nimelijua nimeshaingia.

Mimi mwenyewe saa hii nahangaika na tasnifu. Nimeamua kuandika kuhusu bandari yetu mpya ya Lamu, magazeti yaliiandikaje, ni nani aliyepewa nafasi ya kusema, waziri ama mvuvi. Kichekesho ni kwamba nimekuja mpaka huku kwenye mahindi na theluji ndo nasoma kwamba kwetu nako tuna kifungu cha 35 cha katiba, haki ya kupata habari, na sheria yake ya 2016, waweza kwenda ofisi ya serikali ukaomba karatasi na wakalazimika kukujibu. Miaka yote nimepita mbele ya ofisi zile sikujua. Nahesabu maneno ya wavuvi gazeti kwa gazeti, ni kazi ya kutoa macho, na wengi hawana hata jina, wameandikwa tu "mvuvi mmoja alisema".

Kwa hivyo nina kazi nakupa, na hii nitakulipa, hata kama ni za sahani. Unakumbuka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari. Alasiri moja nenda pale boti zinapofungwa, tafuta mzee mmoja tu, muulize kama yeye kimemfikia kitu. Akikutajia kiwango usitoke hapo, muulize ni mara moja ama kwa awamu, ni taslimu ama wamempa vifaa, lini. Muulize jina lake kamili na umri wake na kama yuko radhi liandikwe. Atakuuliza wewe ni mwana wa nani, na atatazama jua kwamba maji yanakupwa na chombo chamngoja. Mjibu kwa adabu zako zote, halafu muulize tena.