Jioni niliyompigia Kirchner, na makofi yaliyoivunja

Wiki iliyopita aliniandikia mdogo wetu mmoja anayesomea piano hapa Ujerumani. Baada ya shikamoo, ambayo niliipokea ingawa sidhani kama umri wangu unaistahili, aliniuliza kama ni busara kuandaa tamasha zima la mtunzi asiyejulikana. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana mjini Leipzig, kwa tungo za Theodor Kirchner, na bado naona uchungu kidogo nikikumbuka. Nitamjibu hapa, kwa faida yenu nyote mnaoota kuketi peke yenu mbele ya piano kubwa.

Kirchner alizaliwa mwaka 1823 huko Neukirchen, karibu na mji wa Chemnitz, Ujerumani, na alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha muziki kilichofunguliwa Leipzig mwaka 1843. Mwaka huohuo alikwenda Winterthur, Uswisi, akawa mpiga kinanda wa kanisa hadi 1862. Mimi niliyelelewa kwenye kinanda cha kwaya ya kanisa nilimpenda tangu niliposoma habari hiyo, hata kabla sijasikia nota yake moja. Aliandika mamia ya vipande vya piano, vingi vikiwa vifupi sana, vya ukurasa mmoja au miwili. Fedha hazikukaa mkononi mwake kwa sababu ya kamari, hata mwaka 1884 marafiki zake, watunzi maarufu Brahms na Grieg wakiwamo, wakamchangia marki 30,000 (fedha ya Ujerumani ya wakati huo) ili atoke kwenye madeni. Alifariki Hamburg mwaka 1903, na kwa wasikilizaji wengi wa leo yeye ni kivuli tu cha Schumann, mtunzi mashuhuri wa Kijerumani.

Kosa langu lilianzia hapo hapo, kwenye kumhurumia. Nilitaka watu wamjue kikamilifu kwa usiku mmoja, kwa hiyo nikapanga vipande tisa vya opus 7 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi iliyochapishwa), baadhi ya zile prelude, yaani vipande vifupi, za opus 9, kisha vipande vyote kumi vya opus 25, ambavyo yeye mwenyewe aliviita picha za usiku. Nilifanya mazoezi kwa miezi mitano na vidole vyangu vilikuwa tayari. Hilo nalisema bila aibu, kwa sababu hata mwalimu wangu, ambaye husifu mara moja kwa mwaka, alilikubali.

Ukumbi ulikuwa mdogo na viti vilijaa nusu. Nikamaliza kipande cha kwanza, chenye urefu usiofika dakika tatu, na watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa. Kipande cha pili, makofi. Cha tatu, makofi. Kufika cha tano nilitambua kwamba kila nilipojenga hali fulani ya moyo ilibomolewa kabla ya sauti ya mwisho kufifia, na kwamba wasikilizaji wenyewe walikuwa wameanza kuchoka, wakipiga makofi kwa adabu kama watu wanaolipa deni dogo dogo kila baada ya dakika mbili. Nilianza kuharakisha, na mtu akimharakisha Kirchner hakibaki kitu, kwa sababu uzuri wake umo katika sauti za kati, zile zinazopigwa na vidole visivyo na kazi ya wimbo, ambazo husikika tu pale mkono unapotulia.

Mwishoni, nikiwa nimelowa jasho, niliongeza kipande kimoja cha Schumann ambacho kila mtu anakijua. Ukumbi ukaamka. Mlangoni bibi mmoja alinishika mkono akaniambia kwamba kile cha mwisho kilikuwa kizuri mno. Nilimshukuru. Nilitembea hadi kituo cha tramu bila kuzungumza na mtu.

Sasa, mdogo wangu, sikiliza. Usipange vipande vingi. Vipange katika makundi ya vitatu au vinne ambavyo funguo zake za muziki, yaani ngazi za sauti vilimotungwa, zinapokezana vizuri, na mikono yako isiondoke kwenye piano kati ya kimoja na kingine. Watu husoma mabega ya mpigaji kuliko kikaratasi cha programu. Simama uzungumze kabla ya kuanza, dakika mbili tu, uwaeleze habari za kamari na zile marki 30,000, kwa maana mtu husikiliza kwa sikio jingine akishajua kwamba mtunzi naye alikuwa na shida zake. Na tena narudia, usipange vipande vingi. Kizazi chetu kina pupa ya kuonyesha kila tulichojifunza, tunapakia ratiba kama daladala ya jioni, kisha tunamlaumu msikilizaji kwa kushuka njiani. Jifunzeni kuacha. Nusu ya yale mliyoyafanyia mazoezi yabaki nyumbani, nanyi mvumilie maumivu hayo.

Kuhusu kipande cha nyongeza, mchague mtunzi yuleyule uliyemtetea jioni nzima. Mwezi ujao nitapiga tena, safari hii Chemnitz, si mbali na alikozaliwa Kirchner. Nimepanga vipande kumi na viwili tu, na cha nyongeza ni kimoja cha opus 7. Nota za Schumann sitazibeba kwenye mkoba.